Mwanzo ni Upi? Historia ya Neno "Muundo" katika Madarasa Yetu

Mwezi uliopita nilikaa siku nne nikisahihisha karatasi za wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Swali la tatu liliwataka waeleze muundo wa riwaya moja waliyoisoma, kisha waoneshe muundo huo unafanya kazi gani katika riwaya hiyo. Karatasi zilizidi mia moja na arobaini. Baada ya kusoma thelathini za mwanzo niliweza kufumba macho na kulitaja jibu linalofuata: mwandishi ametumia muundo wa moja kwa moja, yaani msago, ambapo matukio yanasimuliwa tangu mwanzo hadi mwisho, vilevile ametumia rejea kidogo. Kisha nukta. Kisha aya mpya, na aya hiyo ni ya mtindo. Sehemu ya pili ya swali wengi hawakuigusa. Walioigusa waliandika kwamba muundo huo unamsaidia msomaji kuielewa kazi kwa urahisi.

Nilikasirika, na kwa saa nzima niliwalaumu walimu wao wa sekondari. Halafu nikakumbuka kwamba sentensi ile naifahamu kwa undani kuliko wanavyoifahamu wao. Niliiandika ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko wangu mwenyewe, miaka mitatu mfululizo, nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari kata ya Nyasubi, mjini Kahama. Makala haya ni jaribio la kueleza sentensi hiyo ilitoka wapi na imetugharimu nini. Msomaji ambaye si mtu wa fasihi anivumilie. Naamini mwanaharakati na mtumishi wa umma wana sehemu yao katika habari hii.

Nilifika Nyasubi mwaka 2007. Shule za sekondari za kata zilikuwa zikifunguliwa kila upande chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na walimu wapya tulipangwa kwa haraka kama magunia kwenye lori. Kidato cha tatu nilichokabidhiwa kilikuwa na wanafunzi zaidi ya tisini na nakala tatu za riwaya. Mji wenyewe ulikuwa haulali. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalipita usiku na mchana, mpunga ulishushwa na kupakiwa, na nje kidogo ya mji mgodi wa Buzwagi ulikuwa mbioni kujengwa. Mkataba wake ulikuwa umetiwa saini London mwezi Februari mwaka huohuo, na mwezi Agosti Bunge lilimsimamisha Zitto Kabwe baada ya kuwasilisha hoja kuhusu mkataba huo. Kila kijiwe kilikuwa na mwanasheria wake na mchumi wake.

Mwaka uliofuata, 2008, niliwapa wanafunzi wangu insha: eleza jinsi familia yako ilivyofika hapa ilipo. Kahama ni mji wa watu waliotoka kwingine, Wasukuma, Wanyamwezi, Wasumbwa, Waha na wengine wengi, kwa hiyo niliona kila mtoto atakuwa na la kusema. Insha nyingi zilianza kwa babu na zikaishia kwa mwandishi. Moja haikuanza hivyo. Msichana mmoja, mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliobanana, alianza na mama yake akiwa sokoni amekaa nyuma ya mchele wake. Anakuja mteja mwenye buti za mgodini. Mama anafunika mchele kwa kanga na kusema umekwisha. Mchele haujaisha, mtoto anauona. Aya ya pili inaendelea na bei za siku ile kana kwamba hakuna lililotokea. Aya ya tatu ndiyo inayorudi nyuma, hadi Agosti 1996, Bulyanhulu, usiku, familia ikifunga vitu ambavyo mtu anaweza kuvibeba kichwani. Kisha inarudi nyuma zaidi, kwa baba aliyekuwa na sehemu yake katika duara, na matimba aliyoyakata mwenyewe kushikilia kuta za shimo. Kisha insha inarejea sokoni na kukoma.

Niliandika kwa kalamu nyekundu: Mpangilio mbovu. Anza mwanzo. Nikampa alama 9 kati ya 20.

Wakati wa mapumziko alinifuata nje ya ofisi ya walimu, daftari kifuani. Alinisalimu, shikamoo mwalimu, nikaitikia. Akasema, "Samahani mwalimu, mwanzo ni upi?" Nilidhani ananikejeli. Nilimjibu kwamba mwanzo ni pale mambo yanapoanzia, na kwamba kengele imelia. Akasema, "Asante mwalimu." Baada ya siku mbili alileta insha mpya. Ilianza na babu kutoka kijijini kwao, ikaja kwa baba na duara, ikafuata 1996, na mwishoni kabisa kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba mama yake huuza mchele sokoni. Mteja mwenye buti alikuwa ametoweka. Kanga ilikuwa imetoweka. Nilimpa 15.

Nilichokifanya kinaeleweka vema zaidi ukiijua Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo walikuwapo eneo lile tangu miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1990 walikuwa maelfu kwa maelfu, pamoja na mama lishe, wenye maduka, wenye karasha na familia zao. Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Canada, ilipata leseni juu ya eneo hilo. Mgogoro ulifika Mahakama Kuu, Tabora. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliamuru wachimbaji waondoke, na mwanzoni mwa Agosti wakaondolewa na mashimo yakafukiwa. Wanaharakati na baadhi ya familia walidai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya usuluhishi na ukaguzi ya Kundi la Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2002 kwamba haikupata ushahidi wa kuyaunga mkono madai hayo, jambo ambalo walalamikaji hawakuliridhia. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji.

Sasa iandike habari hiyo katika aya moja. Ukianza na leseni ya mwaka 1994, wachimbaji wadogo wanaingia katika hadithi yako wakiwa wavamizi, hata kama hukulitumia neno hilo, kwa sababu msomaji amekutana na mwenye eneo kabla ya kukutana nao. Ukianza na miaka ya 1970, leseni inaingia kama mgeni aliyekuta nyumba ina watu. Ukianza na uzinduzi wa mwaka 2001, kama zinavyofanya taarifa nyingi zinazohesabu mrabaha na ajira, basi Agosti 1996 haitokei kabisa. Inakuwa sehemu ya "maandalizi". Hakuna aliyedanganya kati ya waandishi hao watatu. Tarehe zote ni sahihi. Wametofautiana mahali pa kuanzia tu, na mahali pa kuanzia pamekwisha kumgawia kila mtu cheo chake kabla ya hoja ya kwanza kutolewa.

Yule msichana alikuwa ameanza mahali pa nne, nyuma ya mchele, miaka kumi na miwili baadaye. Alitaka msomaji aone kwanza chuki asiyoielewa, aibebe kwa aya nzima bila maelezo, kama alivyoibeba yeye akiwa mtoto. Huo ndio muundo. Aliufanya bila kufundishwa, na mimi niliyelipwa kumfundisha nikamfuta.

Sikuwa mwalimu mbaya kupita wenzangu. Nilikuwa nikifundisha kama nilivyofundishwa, na nilivyofundishwa kuna historia yake.

Wakati wa ukoloni, riwaya iliyosomwa katika shule za Tanganyika ilikuwa zaidi chombo cha lugha. Tafsiri kama Kisiwa Chenye Hazina, iliyotoka mwaka 1929, na baadaye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934, vilimpa mwanafunzi Kiswahili kilichosanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Hadithi ilikuwa njia ya kufikia msamiati na sarufi. Kwa nini imeanzia pale ilipoanzia halikuwa swali.

Azimio la Arusha la Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea iliyofuata mwezi Machi, vilibadili swali. Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, kizazi cha walimu na wahakiki kilichokusanyika pale kiliuliza: fasihi hii inamtumikia nani? Ni swali la heshima, na bado nalipenda. Lilizaa uhakiki ambao ulimtazama mkulima na mfanyakazi ndani ya vitabu kwa mara ya kwanza, na lilituwezesha kuisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, kama tamthilia inayozungumza na taifa jipya kuhusu imani na uongozi. Lakini swali hilo lilikuwa na upande mmoja uliovimba. Maudhui yalikuwa jambo la haraka, la dharura karibu. Fani ikasubiri zamu yake nje ya mlango. Mtu aliyezungumza sana juu ya fani aliweza kushukiwa kwamba ni mpenzi wa sanaa kwa ajili ya sanaa, na katika miaka ile shutuma hiyo haikuwa ndogo.

Wanafunzi wa kizazi changu tunaikumbuka mifano miwili tuliyokaririshwa. Wa kwanza ni wa kikombe na chai: fani ni kikombe, maudhui ni chai, na mnywaji anataka chai. Wa pili ni wa sura mbili za sarafu moja, ambao Senkoro aliutetea katika kitabu chake Fasihi cha mwaka 1982: huwezi kuutenga upande mmoja na mwingine ukabaki na sarafu. Kila mwalimu niliyemjua alisema kwamba mfano wa pili ndio sahihi. Kisha kila mwalimu, mimi nikiwamo, aligeuka ubaoni na kuchora mstari katikati. Kushoto: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Kulia: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Katika nadharia tuliishika sarafu. Kwa vitendo tuliendelea kunywa chai.

Kwa nini? Nadhani jibu lipo zaidi katika utawala kuliko katika nadharia. Tanzania ilijitoa katika mfumo wa mitihani wa Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Nchi maskini ilijitwika kazi ya kumpima kila mtahiniwa kwa kipimo kimoja, awe wa Dar es Salaam au wa Kahama, kwa mkono wa msahihishaji asiyemjua na asiye na muda. Haki ya namna hiyo inahitaji majibu yanayofanana. Dhamira unaweza kuzihesabu: tano, sita, saba. Wahusika unaweza kuwaorodhesha. Muundo je? Ili uweze kupewa alama ulihitaji majina, na majina yakapatikana matatu: msago kwa hadithi inayokwenda mbele, rejea kwa inayorudi nyuma, rukia kwa inayodakadaka. Mtahiniwa akitaja jina na kulifafanua kwa sentensi moja, anapata alama zake. Ni mpango wenye haki kwa kadiri yake, na siudharau. Aliyewahi kusahihisha rundo la karatasi mia tatu kwa taa ya chemli hawezi kuudharau.

Ila majina yale yalifanya jambo ambalo sidhani aliyeyaweka alikusudia. Yaliligeuza swali kuwa lebo. Msago unakuambia kwamba hadithi imekwenda mbele. Haukuambii imeanzia wapi, wala imemficha nani hadi lini, wala kwa nini haikukoma pale ulipodhani imekwisha. Riwaya mbili zinaweza zote kuwa za moja kwa moja na zikawa mbali kama Kahama na Tanga.

Kichekesho cha historia hii ni kwamba aliyeupinga mfumo huo kwa nguvu zaidi alikuwa jirani yetu wa Kanda ya Ziwa na mwalimu wa chuo kilekile. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985 juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Kisha akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambamo mwanzo na mwisho havikai mahali pake, na msomaji aliyezoea Rosa Mistika hajui ashike wapi. Tulivipokeaje? Tukaandika "muundo wa rukia" na kufunga daftari. Niliandika hivyo mwenyewe katika mtihani wa shahada ya kwanza na nikafaulu vizuri.

Halafu zikaja shule nyingi, kwa haraka. Upanuzi wa mwaka 2004, kisha elimu bila ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, viliwafikisha darasani watoto ambao zamani wangebaki machungani au mialoni wakiosha mchanga wa dhahabu. Hilo ni jema, na wanaolibeza mara nyingi ni watu ambao watoto wao hawakuhitaji shule ya kata. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi tisini na nakala tatu hawezi kusoma riwaya pamoja nao. Anawasomea uchambuzi. Vijitabu vya uchambuzi vikaenea kuliko riwaya zenyewe, na ndani yake sentensi ile ikasafiri kutoka kizazi hadi kizazi. Mwanafunzi anaweza leo kueleza muundo wa riwaya ambayo hajawahi kuishika mkononi. Nimekutana nao; wengine ni hodari.

Kinachoniumiza zaidi ninapoukumbuka Nyasubi ni kwamba wanafunzi wale walikuwa na elimu ya muundo tayari. Wengi wao walikuwa watoto au wajukuu wa shikome, ule moto wa jioni wa Kisukuma ambapo wazee walifundisha na kusimulia. Karibu wote waliijua habari ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Wasimulizi hutofautiana, lakini kiini chake ni hiki. Zimwi linameza watu wote na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la pumba. Anajifungua mtoto wa kiume, na mtoto anapokua anauliza watu wengine wako wapi. Anaambiwa wamemezwa na Shing'weng'we. Anakwenda porini, anaua panzi, anamletea mama yake: Mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Hapana. Anamletea ndege. Hapana. Anamletea mnyama mkubwa zaidi. Hapana. Hatimaye anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai.

Hapo, kwa mtu aliyefundishwa na mimi, hadithi imekwisha: kilele, mwisho, watu wakaishi raha mustarehe. Shikome haikuishia hapo. Kisu kilipopasua tumbo kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Amekombolewa, na ana jeraha, na ana hasira. Anamtishia mkombozi wake kwa uchawi. Kijana anapaswa kutafuta dawa na kuliponya sikio lile, na ndipo anaweza kuwa mtawala wa watu aliowatoa.

Ningekuwa na akili ya kuuliza, tungejifunza nini mwaka 2008? Tungeuliza kwa nini panzi. Mtoto anakwenda kupigana na kitu asichokijua ukubwa wake, na kila anapoleta mnyama mkubwa kidogo, msikilizaji ndiye anayeanza kuogopa, kwa sababu mama anaendelea kusema hapana. Hofu imejengwa kwa mpangilio. Ondoa panzi na ndege, zimwi linabaki jina. Kisha tungeuliza kwa nini msimulizi alikataa kuishia tumboni. Taifa lililopata uhuru wake mwaka 1961 lilikuwa na kila sababu ya kupenda hadithi inayoishia siku tumbo lilipopasuka, na vitabu vyetu vingi vya historia vimeandikwa hivyo. Wazee wa Usukuma walikuwa na muundo mwingine, wenye sikio. Wapo waliokatwa na kisu kilekile kilichowakomboa, na msimulizi haruhusu mtu atawale kabla hawajaponywa.

Siku hizi nafundisha muundo kwa njia ndefu kidogo, na kitabu ninachokitumia zaidi ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nakichagua kwa sababu wanafunzi hufika wakiwa na jibu lao tayari, na jibu hilo halikikai. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mkuu. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, hata mbinguni na ardhini, ambao walirudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao na wakatupwa gerezani. Mwishoni yeye na wajumbe wanaachiliwa.

Nawaambia wanafunzi: ondoeni mahakama. Andikeni ukurasa mmoja wa Kusadikika bila kesi. Wanafanya, na wanaona wenyewe kilichobaki: safari sita zenye mwisho uleule, malalamiko sita yaliyopangwa mstari mmoja, ambayo baada ya la tatu yanachosha. Kisha nawaambia wairudishe kesi, wahesabu ni nini kimerudi nayo. Mmoja atasema hofu, kwa sababu kila hadithi sasa inasimuliwa na mtu anayeweza kuhukumiwa akinyamaza. Mwingine atasema msikilizaji: mfalme amekaa pale, na habari ya mjumbe wa tano haimkuti akiwa mtu yuleyule aliyesikia ya kwanza. Muhula mmoja kijana fulani, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya mtendaji wa kata, alisema: ruhusa. Mshtakiwa anaruhusiwa kusema mambo ambayo raia haruhusiwi. Nikamwongezea kwamba mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, tangu idara ya forodha akiwa kijana, na kwamba mwaka 1951 hakukuwa na njia nyingi za Mwafrika mwenye kazi ya serikali kusema kwamba nchi inawafunga watu wake bora. Mahakama ya kubuni ilikuwa njia mojawapo. Baada ya hapo hakuna aliyeandika "unamsaidia msomaji kuelewa kirahisi".

Zoezi la pili huwapa taabu zaidi. Nawaletea taarifa ya habari yoyote ya wiki ile, iwe ya wamachinga kuhamishwa, ya wafugaji, ya mgodi, na kuwataka waiandike tena bila kuongeza wala kupunguza neno la ukweli, wakibadili tu mahali pa kuanzia. Wanafunzi wa utawala wa umma, ambao huja kwangu kwa somo moja la hiari, hulifanya kwa uchungu wa kipekee. Mmoja aliniambia kwamba ameandika dokezo ofisini kwa miaka sita na hajawahi kujiuliza kwa nini kila dokezo huanza na waraka na kamwe halianzi na mtu.

Najua kasoro ya njia hii. Inahitaji vitabu mikononi na darasa dogo, na mimi ninavyo kwa sasa. Mwenzangu wa Nyasubi hana. Haisahihishiki kwa haraka. Wasahihishaji wawili wanaweza kuipa karatasi moja alama tofauti, na mzazi akiuliza kwa nini, hatuna jibu fupi la kumpa. Nimewahi kupendekeza katika kikao kimoja kwamba swali la muundo katika mitihani ya sekondari liwe na kifungu kifupi cha hadithi chenye kusomwa hapohapo, ili mtahiniwa aulizwe kwa nini kimeanzia pale. Niliambiwa gharama ya karatasi. Huenda walikuwa sahihi. Kikao kilikuwa cha bajeti.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliandika juu ya Kusadikika kwamba mashtaka tunayasikia kabla ya mshtakiwa, na hilo nililitarajia. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote niliyokifundisha kitabu hicho: ikiwa wajumbe wale sita wako hai gerezani, kwa nini tunawasikia kwa mdomo wa Karama na si kwa midomo yao? Hakujibu. Muda ulimwishia, au alitaka iwe hivyo. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha kugusa pambizo kuandika "kamilisha hoja", nikaiinua, nikakichukua kitabu na kukaa nacho hadi usiku, na bado sijapata jibu linaloniridhisha.

Daftari langu la alama la Nyasubi ninalo hadi leo, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja. Jina la yule msichana lipo, la ishirini na saba kutoka juu. Insha ya kwanza sina, aliondoka nayo. Zipo tarakimu mbili tu mbele ya jina lake: 9, halafu 15.